Usukani wa Pijo Warudi Kutoka Lupaso

MASASI, Novemba 1993

Kivuli cha mlima wa mawe bado kimelala juu ya mabati ya karakana. Dominika Kasiani amejikunja kwenye kiti cha dereva cha Pijo 404 ya rangi ya maziwa, mguu mmoja ndani, mwingine nje, meno yameuma kipande cha waya. Mapajani amepakata usukani mweusi wenye sura ya simba katikati. Anauinua, anaunusa, anacheka.

"Bado unanuka mabibo," anasema.

Mwenye gari, Mzee Sultani wa Newala, amekaa juu ya tairi kuukuu mbali kidogo. Anatazama, lakini hasogei. Tangu mwezi wa saba hajashika usukani wa gari lolote.

Dominika, mwenye miaka 44, ambaye mjini hapa wengi humwita Mama Wema, alijifunza ufundi wa magari jeshini, JKT. Baadaye akaajiriwa kwenye karakana ya chama cha ushirika, mwanamke pekee kati ya mafundi wote. Miaka miwili iliyopita karakana ikafungwa.

"Tulishukuriwa, tukaambiwa tukajiajiri," anasimulia. "Nikabeba spana zangu, nikaja hapa karibu na stendi. Msimu wa korosho wateja hulipa taslimu. Masika wananiletea mihogo, wengine kuku, wengine wananiombea kwa Mungu tu. Zote napokea."

Siku hizi za biashara huria maduka ya vipuri yamefumuka kama uyoga. Vya Toyota vimejaa hadi barazani. Vya Pijo la zamani havipo, na hapo ndipo mkasa wa Mzee Sultani ulipoanzia.

Gari lake liliwahi kulala miaka mingi uani kwa shemeji yake kijijini Lupaso, enzi zile hata tairi lilikuwa la kupangiwa foleni. Lilipofufuliwa, usukani ulikuwa umeshaondoka. Fundi mmoja wa njiani akalipachika usukani wa pikapu. Meno ya katikati hayakulingana na ya shafti, akayabana kwa vipande vya bati. Honi nayo akaifunga ya lori, na swichi yake akaificha chini ya dashibodi.

"Nikaendesha hivyo hivyo," anasema Mzee Sultani. "Gari likiondoka, unasema limepona."

Mwezi wa saba alikuwa akimshusha hospitali mama mjamzito aitwaye Magdalena, uchungu ukiwa umekaza. Kwenye kona ya mteremko kutoka Newala aliwaona akina mama mbele yake, ndoo za maji kichwani, wakipanda. Akapapasa swichi ya honi. Kimya. Akakata usukani kulia.

"Mikono ikaenda, matairi hayakwenda," anasema, na anainamisha uso.

Alivuta breki ya mkono, akapiga kelele dirishani, gari likajikita kwenye ukingo wa udongo hatua chache kabla ya wale akina mama. Upande wa pili wa barabara palikuwa na korongo. Lori lililokuwa likishuka lilimchukua Magdalena, naye akajifungua salama mtoto wa kike. Lakini Mzee Sultani alirudi nyumbani kwa miguu, akamkabidhi funguo binti yake Ziada na kumwambia auze chuma chakavu.

Ziada hakuuza. Alishuka Masasi kumtafuta fundi.

"Aliniambia, 'Mama Wema, baba amenyamaza, hata msikitini haendi,'" anakumbuka Dominika. "Nikaona hapa kinachotengenezwa si gari peke yake."

Gari lilipovutwa hadi kwake, usukani wa pikapu aliung'oa kwa mkono mmoja, bila kutumia spana. Alipouona ulivyokuwa unacheza, anasema, alikaa chini kwanza. Kisha akapanda basi kwenda Lupaso kuulizia ule wa zamani.

Aliukuta kwa bibi mmoja, Julia, juu ya mashine yake ya kukamulia mabibo, matunda ya mkorosho anayotengenezea pombe ya uraka. Kigogo cha mti kilikuwa kimechongwa na kusokomezwa katikati ya usukani, nao ukawa ndio wa kuzungushia.

"Shikamoo bibi. Nimeufuata huu usukani."

"Marahaba. Huu ndio unaonilisha, mwanangu. Nikikupa, mabibo nitakamua kwa meno?"

Dominika hakubishana. Alipima mashine kwa kamba, akarudi Masasi, akachomelea vyuma viwili kwa umbo la msalaba, viwe mpini wa kuzungushia, na kuvisugua hadi visimchubue mtu viganja. Juma lililofuata alivipeleka. Bibi Julia hakuachia kitu mpaka alipokamua tenga zima.

"Hiki chako chepesi," akasema mwishowe, akijifuta jasho. "Haya, chukua duara lako."

Kigogo kilipotolewa, meno ya ndani yalionekana mazima. Mti uliyatunza.

Leo asubuhi Dominika anaanza kwa kuchomoa waya wa betri. Ananyoosha magurudumu ya mbele, anasafisha shafti kwa brashi na mafuta ya taa, kisha anaushusha usukani taratibu. Unaingia wenyewe. Anakaza nati, anautikisa kwa mikono yote miwili, anakaza tena. Honi ya asili, ambayo Mzee Sultani aliihifadhi kwenye kopo miaka yote, ameipitishia msasa pale umeme unapogusana. Anarudisha waya wa betri na kubonyeza.

Honi inakohoa. Anageuza skrubu kidogo. Inalia, nene na nyororo, hata makuli wa stendi wanageuka.

"Baba Ziada," anaita, "njoo ukae mahali pako."

"Endesha wewe, Mama Wema."

"Mimi nitakaa pembeni yako. Fundi asiyepanda gari alilolitengeneza, msimpe gari."

Mzee anainuka. Safari ya kupanda Newala anaendesha polepole. Juu anageuza, anasimama kabla ya mteremko. Dominika anafunga mkanda, anatazama mbele.

Kwenye ile kona, Mzee Sultani anabonyeza honi mapema. Vijana wawili wa baiskeli wanajibana kando. Anakata kulia, na matairi yanakwenda. Alama ya bampa bado ipo kwenye ukingo wa udongo. Anaipita, anashusha pumzi, kisha anaanza kucheka, machozi yakimtiririka.

"Limenisikia," anasema. "Mama Wema, limenisikia!"

Mkasa wa kona hiyo ulikuwa umeshampa Dominika wazo. Newala hakuna karakana ya maana, kwa hiyo gari bovu hushuka mlima kumfuata fundi. "Wanaubeba ugonjwa kwenye njia inayoua," anasema. "Fundi anatakiwa kuwa juu, kabla ya kona."

Mzee Sultani amempa kiwanja nyuma ya nyumba yake. Kikwazo ni maji, ambayo Newala ni ya kutafutwa, na karakana bila maji haiendi. Mabati yameshaezekwa, mifereji ya kukinga maji imefungwa, na tangi la saruji linakauka likingoja mvua.

"Likijaa tu, nahama," anasema Dominika, akijipangusa grisi. "Kibao nimeshakiandika: Pima usukani wako kabla hujashuka."