Ndani Usiguse

Kwenye kazi yangu, kosa lina dawa. Ukifunga nati vibaya unaifungua, unaifunga upya, na mwenye gari hajui hata kama ulikosea. Gereji yangu iko Nyakanazi, nyuma ya vibanda vya chakula, na kwa miaka niliyokaa pale nimekosea nati nyingi na usingizi wangu ukawa mzuri tu. Kosa hili moja ndilo lililonishinda.

Mzee alikuja asubuhi moja kutoka Murusagamba, amevaa koti zito la kijivu ingawa jua lilikuwa limeshapanda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakataa kiti. Alitaka nimtengenezee lori lake lililokuwa limesimama kwenye migomba nyuma ya nyumba. Aliponitajia ni lori gani, nilicheka. Lori la Kiingereza, la pua ndefu, la petroli, la zamani kuliko mimi.

"Mzee wangu," nikamwambia, "hilo si la kutengeneza, hilo ni la kuzika."

Mdomo wangu hauna breki, nakubali. Mzee hakukasirika. Akanieleza taratibu kwamba baada ya Pasaka yeye na mke wake wangefanya jubilei ya ndoa yao parokiani, miaka hamsini. Siku ya harusi walikwenda kanisani kwa miguu, na njiani alimwahidi bibi harusi wake kwamba atanunua gari, ampeleke kanisani akiwa ameketi. Gari alinunua. Ila Jumapili zote alikuwa barabarani, anabeba ndizi na maharage ya watu, na kanisani hakuwahi kumpeleka nalo hata siku moja. Sasa magoti ya bibi yalikuwa yamechoka, na macho ya mzee mwenyewe yalikuwa na ukungu, hata kuendesha hawezi tena.

"Rori rangu rirudi kama ririvyokuwa," akasema. "Nje fanya unavyoweza. Ndani usiguse."

"Ondoa shaka, mzee."

Kule kwao Ngara, wengi l wanaifanya r. Sisi Wasukuma wa Biharamulo tunakosea upande wa pili, r zote tunazifanya l. Mimi nilichapwa shule ya msingi kwa kuandika "balua" ubaoni mbele ya darasa zima, na mwalimu akanisimamisha pale mpaka kengele. Tangu siku ile, l na r nazipanga kama spana, kila moja mahali pake, na asiyezipanga namcheka. Nalisema hili mapema ili usije ukafikiri nilifanya kwa bahati mbaya.

Lori tulilivuta mpaka gereji, na hapo nikaanza kiburi. Mimi ni mtu wa orijino. Siwapendi mafundi wanaokata pua ya gari la zamani, wanalitia injini ya Kijapani na taa za rangi rangi, halafu wanajiita wataalamu. Rafiki yangu wa gereji ya jirani alikuja akazunguka lori mara mbili, akasema tia dizeli, mzee wa watu afike kanisani, acha ubishi.

"Wewe," nikamjibu, "ukimchukua babu ukamtia moyo wa mtu mwingine, figo za mtu mwingine, na miguu ya mtu mwingine, halafu unamrudishia bibi unamwambia mume wako huyu hapa, atakushukuru?"

"Akitembea atanishukuru," akasema.

Sikumsikiliza. Mzee alisema ndani usiguse, na kwa fundi, ndani ni injini. Hivyo ndivyo tunavyosema gereji: gari nje zuri, ndani limekufa. Basi injini ile niliifungua yote, nikaisafisha kipande kwa kipande na kuirudisha ileile. Kabureta niliisaka wiki nyingi mpaka nikaipata kwa mtu aliyekuwa anaitumia kuzuia mlango usifungwe na upepo. Gasketi nilizikata kwa mkono. Siku injini ilipowaka nilipiga kelele mpaka mama ntilie wakatoka vibandani.

Nje nilibadilisha kilichooza, kwa ruhusa. Ikabaki kebini, ambayo kwangu mimi ilikuwa ni nje tu, mahali pa kukaa makalio.

Juu ya kioo cha mbele, upande wa ndani, pale dereva akiinua macho anapaona, kulikuwa na neno limeandikwa kwa rangi ya bluu, kwa brashi nene. USIRARE. Herufi zilipanda na kushuka, na ile S ilikuwa imegeuka, inatazama nyuma.

Tulicheka sana. Fundi akisinzia mchana tulimpigia kelele, "Wewe, usirare!" Nililipiga picha nikaliweka kwenye status, na watu wakanitumia vicheko siku nzima. Mmoja akaandika, huyo dereva alisomea wapi? Nikamjibu, alisomea njiani.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penye kosa. Nilipoanza kupiga msasa mle ndani niliona kitu. Kebini ile ilikuwa imepakwa rangi mara mbili baadaye, kwanza krimu, halafu kijivu. Lakini kuzunguka lile neno kulikuwa na mstatili ambao haukuguswa na rangi yoyote mpya. Mara zote mbili mtu alikuwa amepinda brashi, akalizunguka neno kwa uangalifu, akaliacha. Mimi rangi naisoma. Nikiona gari nakwambia liligonga wapi, na aliyeficha alificha na nini. Ule mstatili niliuona, nikauelewa, mkono ukasimama. Naapa ulisimama. Kisha nikajiambia, ah, ndani ni injini, hili ni kosa la kuandika tu, mzee wa watu ataingia kanisani na aibu hii juu ya kichwa? Nikasugua mpaka bati likang'aa.

Nilikata herufi kwenye boksi gumu, nikapuliza rangi nyekundu kupitia kwenye matundu. USILALE. Zimenyooka, S inatazama inakotakiwa. Nilirudi nyuma hatua mbili nikajipongeza.

Mzee aliponipokea Murusagamba alilipapasa lori lake lote kwa viganja, mgongo wa pua, taa, mlango. Nilipoliwasha akainamisha kichwa, akakaa hivyo, analia bila sauti. Kebini aliingia, akashika usukani, akavuta harufu. Juu ya kioo hakupaona, kwa yale macho yake. Nami sikumwambia chochote, nikasubiri sifa zije zenyewe.

Siku ya jubilei niliendesha mimi. Bibi tulimpandisha kwa stuli, amejifunga kitenge kipya, akakaa katikati, mzee akakaa mlangoni. Watoto na wajukuu walikuwa wametangulia kwa pikipiki. Barabara ile ina mashimo, kwa hiyo nilikwenda polepole, na bibi alikuwa anacheka kila tukirushwa. Halafu akainua macho.

Akauliza, "Nani ameandika hapa?"

"Si wewe?" mzee akasema.

"Si mimi. Hii ni nzuri."

Nami, kwa ujinga wangu, nikaona saa ya sifa imefika. "Ni mimi, mama. Nimesahihisha tu. Ilikuwa imeandikwa kwa r, inatakiwa l. Na ile S ilikuwa imegeuka."

Mzee aliinua mkono, akapapasa bati lile kwa vidole, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Palikuwa laini, nilikuwa nimesugua vizuri mno. Mkono ukashuka ukakaa gotini.

"Kumbe nirikosea," bibi akasema. Kisha akamgeukia mume wake. "Miaka yote hiyo. Watu wanapanda humu wanasoma, na wewe umenyamaza tu."

"Hukukosea," mzee akasema.

"Fundi amesoma shure." Akanigusa mkono ulioshika gia. "Asante, baba, kunisahihisha."

Hakusema kwa kejeli. Angesema kwa kejeli ningepona. Alishukuru kweli, na aibu yake ilikuwa ya kweli, na hakucheka tena mpaka tukafika.

Kanisani walivishwa mashada, wakabarikiwa, vigelegele vikapigwa. Kisha kikaja cheti cha jubilei cha kutia sahihi. Mzee alioneshwa mahali, akaandika. Bibi alipewa kalamu. Aliishika vizuri, kama mtu aliyezoea, akaitazama karatasi, halafu akairudisha. Akaomba wino, akaweka dole gumba. Binti yake aliyekuwa ameketi mbele yangu akamnong'oneza dada yake, "Mama ana nini? Mbona anajua kuandika jina lake?"

Mimi nilikuwa benchi la nyuma yao. Nilitamani sakafu inimeze.

Wakati wa chakula mzee aliniita pembeni. Nilidhani atanitukana, nikajiandaa, hata nikafurahi. Hakunitukana. Alinieleza kwamba mke wake alijifunza kuandika akiwa tayari ana watoto wawili, kwenye darasa la watu wazima, jioni, akitoka shambani. Jioni moja akachukua rangi iliyobaki kwenye kupaka milango ya lori, akapanda mwenyewe, akaandika. Lilikuwa neno la kwanza aliloandika bila mwalimu kumsimamia.

"Na wewe urifikiri ana maana gani?" akaniuliza.

"Usisinzie, mzee. Usilale ukiendesha."

Akatikisa kichwa. "Ya usingizi, sisi tunasema kuryama. Kurara ni kupitisha usiku nje ya kwako. Ni kukutwa na usiku ugenini." Akatabasamu kidogo. "Na nyie Nyakanazi mna nyumba za wageni nyingi."

Neno halikuwa na kosa. Lilikuwa la Kihangaza cha bibi, lugha yao ya Ngara, amelivalisha nguo ya Kiswahili, na lilikuwa linasema rudi nyumbani. Mimi niliyechapwa kwa balua nilikuwa nimelifanya tangazo la usalama barabarani.

"Hukurara hata mara moja, mzee?"

"Mara moja." Akalishika koti lake la kijivu kwenye kola. "Nikaritundika hiri juu ya neno, risinione." Akacheka, kisha kicheko kikaisha. "Nirikwambia ndani usiguse, fundi."

"Ulisema, mzee. Nisamehe."

"Kamwombe yeye," akasema.

Status ile nilikuwa nimeshaifuta, lakini vicheko vya watu bado vilikuwa kwenye simu yangu, na changu kikiwemo. Wiki mbili sikufanya kazi ya maana. Rafiki yangu wa gereji ya jirani akanitania, "Mtu wa orijino, vipi?" Nikamtupia kitambaa chenye oili. Kisha nikachukua msasa, kopo la rangi ya bluu na brashi nene, nikapanda basi, na kutoka barabara kuu nikapanda pikipiki mpaka Murusagamba.

Bibi alikuwa anachambua maharage uani. Nilimwamkia, nikapiga goti kabisa, nikamwambia kwamba mkosaji ni mimi. Nikamwambia neno lake lilikuwa sahihi, kwamba mzee amenifundisha maana yake, na kwamba namwomba aje aliandike tena kama lilivyokuwa. Alinisikiliza huku anachambua. Akasema macho ya watu wa shule si sawa na macho yake. Nikamwomba tena. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, anatusikiliza.

Mwishowe akafuta mikono kwenye kitenge. "Niandikie kwanza kwenye karatasi," akasema, "nisikosee tena."

Nikaandika kwa herufi kubwa, USIRARE, hata S nikaigeuza. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi kwa huruma, kama anavyotazamwa mtoto anayedanganya ili kumfurahisha mgonjwa.

"Hapana, fundi," akasema. "Hii si ndiyo ya kosa?"

Nilikwangua kwanza ile rangi yangu nyekundu niliyoipenda, kisha tukampandisha kwa ile stuli. Nilimshikia kopo. Mzee alisimama mlangoni, uso ameuinua kuelekea sauti ya brashi. Bibi aliandika polepole mno, ulimi umetoka pembeni mwa mdomo, na kila herufi akaitaja. S yake ikageuka vilevile, ikatazama nyuma, na moyo wangu ukaruka kwa furaha.

"U," akasema. "Si. Ra. Re."

Mdomo ulisema hivyo. Mkono, kwa uangalifu wote wa mtu aliyekwisha kusahihishwa, uliandika L, ukachovya tena rangi, ukaandika L ya pili.

"Ameandikaje?" mzee akaniuliza.

Nikamwambia ameandika vizuri.