Jengo la Mwisho Mtaani Kwetu

Nilihamia Ukunda kutoka Bungoma baada ya kupata kazi ya kufua na kupiga pasi mashuka katika hoteli moja ya Diani. Nikapanga chumba katika mtaa wa nyumba za umma, majengo ya zamani yaliyojengwa mstari mmoja. Jengo la mwisho halikuwa na wapangaji. Dhoruba iliezua paa lake, watu wakahama, kisha milango ikaibwa mmoja mmoja. Nilipofika mimi, waliokuwa wakilala humo ni vijana wa mapanga.

Hakuna aliyeniambia. Niliona mwenyewe jinsi nguo zilivyoanuliwa kabla hazijakauka, na jinsi milango ilivyofungwa komeo kabla ya adhana ya magharibi kwisha. Nikitoka kazini, nilivua viatu kwenye kona ili nyayo zangu zisisikike.

Majirani zangu wa ukuta kwa ukuta walikuwa seremala mzee, Mduruma wa upande wa Samburu ya Kwale, na mkewe, mwenyeji wa Msambweni, ambaye nilimwita Mama tangu siku ya kwanza. Alinifundisha kukuna nazi na kunyoosha ulimi. "Usiseme 'nipatie chumvi', mwanangu. Sema 'naomba chumvi'. Kwani tumegombana?"

Asubuhi moja ya mapumziko yangu nilikuwa nikifua nyuma ya nyumba. Nikasikia kiti kikianguka kwa jirani, kisha sauti ya mzee: "Chukueni, chukueni tu, lakini..." Ikakatika. Vijana wawili wakatoka na sanduku la zana zake. Mmoja akaniona. Aliweka kidole mdomoni, akaenda zake polepole kama mtu anayetoka dukani. Kule kutokimbia kwake ndiko kulikonitisha kuliko panga.

Mzee alikuwa amejeruhiwa kwa panga mkononi, juu ya kiwiko. Nilimfunga kwa leso, tukampakia kwenye tuktuk mpaka hospitali ya Msambweni. Njia nzima Mama alisoma dua kwa sauti ndogo, nami nikaomba kwa namna ya kwetu.

Mzee akalazwa. Siku chache baadaye Mama alinikuta nikikunja nguo zangu.

"Unahama?"

"Nahama, Mama. Yule kijana ameniona. Anaujua mlango wangu."

Akaketi kitandani. "Hata mimi naogopa. Kuti likianguka, moyo unanitoka. Lakini tukihama sisi, watalala na vyumbani mwetu. Jumamosi nakwenda kusafisha jengo lile. Ukipenda, njoo."

Sikupenda. Lakini Jumamosi baada ya chai nilimwona akitoka peke yake na fagio, nikachukua jembe, na miguu yangu ikamfuata. Milango ikaanza kufunguka. Wakaja wanawake wengine na majembe, na nyuma yetu wanaume wachache, nao wakitembea kama wanaokanyaga miiba.

Mama alisimama kwenye uwazi uliokuwa mlango, akaita, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Nilidhani amerukwa na akili.

Akatokea yule yule aliyeniwekea kidole mdomoni, panga mkononi. Alimtazama Mama, buibui lake, mvi zilizochungulia usoni, na ulimi wake ukaitangulia akili. "Shikamoo, bibi."

Mama akalionyesha panga kwa fagio.

"Siwezi kukuitikia," alisema. "Mume wangu amelazwa kwa sababu ya panga hilo. Liweke chini kwanza."

Sauti ikafoka kutoka ndani: "Oya! Unaongea na nani? Wakate hao!"

Niliona mkono wa kijana ukikaza. Nilishika mpini wa jembe mpaka viganja vikaniuma, na nilijua kabisa kwamba nisingeweza kuliinua. Kisha akainama, akaliweka panga sakafuni. Wenzake walipoona hivyo, wakaruka nje kwa dirisha la nyuma na kutokomea minazini. Wanaume wetu, ambao sasa walikuwa wamepata ujasiri, wakamvamia yule mmoja. Mama akajitia katikati. "Hapigwi mtu hapa! Mpelekeni polisi na viungo vyake vyote."

Walipomwongoza kupita mbele yake, Mama akamwambia taratibu, "Marahaba."

Ningependa kusema hofu iliishia hapo. Majuma yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi, kwa maana waliotoroka walitujua sote. Mawe yalitupwa juu ya mapaa yetu. Tuliendelea kufagia hivyo hivyo, huku mmoja wetu akisimama nje kutazama njia. Wanaume wakaezeka makuti. Mzee akarudi, vidole vya mkono ule vikishindwa kushika msumeno, akawa anakaa kitini na kuwaelekeza wengine jinsi ya kutengeneza milango. Familia zikahamia. Chumba cha kona kikawa cha watoto kusomea.

Yule kijana alifungwa. Wenzake, inasemekana walionekana Kikoneni, na wengine husema wamevuka mpaka. Mimi sijui.

Sikuhama, lakini mpaka leo nasukuma meza mlangoni kabla ya kulala. Juzi mwanamke mmoja wa jengo la mwisho alinikimbilia kwa nyuma kunipa mwamvuli niliousahau dukani. Nilipiga yowe, mtaa mzima ukasikia. Milango ikafunguka, watu wakatoka mbio, wengine na miiko mikononi, wakiuliza ni nani aliyenivamia. Nilisimama pale, sijui niombe radhi au nilie.