Nyumba ya Mchezo

Mjomba wangu hukaa kiti cha mbele kwenye ukumbi wa jamii yetu hapa Wembley, London, na watu humsalimia kwa mikono miwili. Mimi mkono mmoja unanitosha. Nilisoma mpaka darasa la nne tu, lakini namjua aliyewafungia maji watu wa mpakani, na najua alilitumia neno la nani. Neno lilikuwa la mama yangu. Mama alipozeeka alitaka jambo moja tu: wanawake wa kule wajue kwamba hakuwauza.

Baba alikuwa na duka porini, upande wa Tanganyika, karibu na Kenya kiasi kwamba kuku wetu walikuwa wakivuka mpaka na kurudi jioni bila kuulizwa na mtu. Wahindi tulikuwa sisi peke yetu. Wengine wote walikuwa wafugaji wa ukoo mmoja. Nyuma ya duka palikuwa na chemchemi ambako ng'ombe wao walikunywa. Ardhi ilikuwa yao. Baba alipewa mahali pa kusimamisha duka kwa neno la mdomo, na maisha yakaenda.

Mama ndiye aliyeanzisha mchezo pale, huu ambao wengine huuita upatu. Kwa kuwa fedha ilikuwa shida, wanawake walichanga sukari, waliyoipata kwetu kwa kubadilisha na samli. Siku ya gulio kila mmoja alikuja barazani na bakuli lake, wakamimina yote kwenye debe moja, na mwenye zamu akaenda nalo. Mwenye mwali wa kuozesha aliombewa zamu ya mbele, na wenzake hawakununa. Kwa hiyo pale kwetu ukisema mchezo, hakuna aliyefikiria mpira wala kuruka kamba. Maana yake ilikuwa moja: toa kidogo, siku yako itafika.

Mjomba ni kaka yake mama. Alikuwa Nairobi, amesoma, Kiingereza kinamtoka kama maji. Likizo alikuja kwetu, akajinyoosha barazani kwenye kiti cha kamba. Mimi naikumbuka miguu yake, na wanawake wakiiruka wapite na mabakuli yao. Lakini nilikuwa mtoto, na ushahidi wa mtoto nani anaupokea?

Baada ya uhuru alikuja na mtu wa hoteli kutoka mjini, mwenye suti na ramani. Walitaka kujenga kasino pale mpakani, watalii na matajiri wa pande zote mbili waje wapoteze mali zao mbali na macho ya wake zao. Ili serikali ikubali, ilibidi iwe kasino ya ukoo, kwa jina la ukoo, juu ya ardhi ya ukoo. Na mahali palipowapendeza ni pale penye chemchemi.

Wazee wakaitwa barazani kwetu. Mtu wa hoteli alisema Kiingereza, mjomba akatafsiri. Lilikuwapo neno kamari. Wazee wote walilijua, na angelitamka wangeshika fimbo zao wakaenda zao. Hakulitamka. Alisema, "Tutawajengea nyumba ya mchezo."

Wazee wakatazamana. Mmoja wao akauliza, "Na zamu?"

Mjomba akajibu, "Kila mmoja atapata."

Mama alikuwa jikoni nyuma, hakusikia. Wazee wakatia dole gumba. Haukupita muda seng'enge ikaizunguka chemchemi, wakachimba msingi, kisha mtu wa hoteli akatoweka na hatukumwona tena. Seng'enge ilibaki. Ng'ombe wakawa wanapelekwa mbali kutafuta maji, na wengine hawakurudi.

Halafu siku ya gulio wanawake wakaja. Walikuja wote, kimya, kila mmoja na bakuli lake tupu, wakayafudikiza barazani mstari mzima. Mama akawaambia, "Karibuni, kaeni." Hakuna aliyekaa. Pale kwetu mtu akikataa kukaa barazani mwako, amekwisha kumalizana nawe. Walisimama kidogo, wakaokota mabakuli yao, wakaondoka, na duka likafa siku ile ile, ingawa tulilifunga baadaye.

Nikiulizwa wakosaji nitawataja bila kumeza mate. Mjomba. Mtu wa hoteli. Ofisa wa wilaya aliyegonga mhuri bila kushuka kwenye gari lake. Na yuko mwingine, nitamfikia.

Tulipokuja London, wakati ule Wahindi wa Afrika Mashariki tulipokuwa tunashuka kwa makundi na makoti ya kuazima, nani alitupokea? Mjomba. Alikuwa ametangulia. Alitupa chumba cha juu nyumbani kwake, na ukila kwa mtu unatafuna na maneno yako. Mama alimuuliza mara moja tu. Mjomba akasema, "Dada, mimi ni mtu wa Nairobi. Kwetu mchezo ni mchezo tu. Huo wenu wa sukari sikuwahi kuusikia. Na zamu, nilidhani mzee anauliza zamu za kazi." Alilisema taratibu, kama mtu aliyekwisha kulijaribu mbele ya kioo. Baadaye majirani wa Unguja walimwomba aingie mchezo wao, akakataa. Alisema neno lile limemwozea mdomoni.

Baba alifia hapa, kifua. Sisi tukapata nyumba yetu, mimi nikapata kazi ya kusafisha uwanja wa mpira mechi zikiisha. Miaka ikapita, nami nimekuwa mtu mzima, ndipo akaja kazini kwetu bwana mmoja, wa rika langu, anakaa Peckham. Tulikuwa tunafagia safu moja ya viti. Nilikuwa nailaani kwa Kiswahili glasi ya bia iliyonimwagikia kiatuni.

"Dada, Kiswahili hicho umekiokota wapi?"

"Sikukiokota. Nimezaliwa nacho."

"Wapi?"

Nikamtajia. Akaacha kufagia.

"Wewe ni mtoto wa duka la chemchemi?"

"Ndiye mimi."

"Basi nyinyi ndio mliotuchezesha," akasema, na hakucheka.

Alikuwa mtoto wa yule mzee aliyeuliza zamu. Baba yake alikwisha kufa, mama yake yu hai. Akaniambia kule kwao mpaka leo mtu akitapeliwa huambiwa, "Umelishwa sukari ya dukani." Lilinichoma. Nilimchunguza sana yule bwana. Hapa London mtu hakuambii habari za kwenu bila kutaka kitu. Nilimngoja aombe, hakuomba. Akasema tu kwamba anakwenda likizo kumwona mama yake. Nikamkaribisha nyumbani Jumapili. Jumapili ndiyo siku ya mjomba kuja kunywa chai, na sikumwambia mjomba lolote.

Mgeni alifika mapema. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ni wa nani?"

Akajieleza. Mama akafumba macho. "Mama yako bakuli lake lilikuwa la buluu, ukingoni limebanduka."

"Analo hadi leo. Anawawekea kuku maji."

Mjomba akaingia na kofia yake, akasikia mgeni ni mtu wa wapi, akakaa bila kuvua koti. Mgeni akamuuliza moja kwa moja, kwa adabu lakini. Mjomba akayatoa yale yale: mtu wa Nairobi, mchezo ni mchezo, huo wa sukari hakuwahi kuusikia, zamu za kazi. Aliongeza na pole, na jinsi yeye mwenyewe alivyodanganywa na mtu wa hoteli. Alilisema vizuri. Nilimwona mgeni anaitikia kwa kichwa, nikasema moyoni, basi, ameshinda tena. Mjomba akavua koti. Akachukua biskuti.

Mama akaleta chai. Mgeni alikuwa mpenda sukari, anatia kijiko juu ya kijiko. Mjomba akacheka.

"Ndugu yangu, waachie na wenzako. Leo si zamu yako ya debe."

Kijiko cha mgeni kikasimama juu ya kikombe.

"Debe gani, mzee?"

Mjomba alimgeukia mama, akamwambia kwa Kikachi, lugha yetu ya nyumbani, amweleze huyu kwamba ni utani tu. Mama akamjibu, "Sema Kiswahili, kaka. Siku ile ulikijua vizuri."

Nilitamani kuongeza yangu, nilikuwa nayo mengi. Nikajizuia, kwa sababu mjomba alikuwa anatafuta mtu wa kugombana naye.

Alipoona hapati, akasema, "Dada, ningesema kamari wangekubali? Pasingejengwa kitu pale."

"Na kimejengwa nini?" mama akauliza.

Akachukua kofia. Koti alilivalia mlangoni, mkono mmoja nje.

Mama akamwambia mgeni, "Mwambie mama yako neno lilikuwa langu. Mdomo haukuwa wangu."

"Nitamwambia." Kisha akasita. "Lakini mama, niwie radhi. Mzee wa duka alikuwapo siku ile. Yeye hakusikia?"

Huyo ndiye wa nne. Baba aliahidiwa kuwauzia kasino mchele na vinywaji. Alikuwa nyuma ya kaunta, anapima maharage, na zamu yake mwenyewe aliiona inakuja. Sisi nyumbani hatukuwahi kulisema. Mama angeweza kusema hajui. Mume amezikwa, nani angemfukua?

"Alisikia," mama akasema. "Mwambie na hilo."

Jumapili iliyofuata mjomba alikuja kama kawaida, maana ukumbini wangeuliza. Tangu siku ile bakuli la sukari haliji mezani akiwapo. Mama humtilia mwenyewe jikoni, chai inafika imekorogwa.

Yule bwana alirudi kutoka likizo. Nilimkuta tunabadilisha viatu kabla ya shifti, nikamuuliza kama ujumbe umefika.

"Umefika."

"Akasemaje?"

"Alisema amesikia."

"Basi?"

"Basi. Amesikia."

Nilirudi nalo nyumbani hilo neno moja, nikiona aibu, kama mtu aliyetumwa sokoni akarudi na mfuko mtupu. Mama hakuuliza lingine ila moja.

"Alikuwa amekaa, au amesimama?"

Kesho yake nikamuuliza yule bwana. Alinitazama usoni muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda.

"Alikaa," akasema. "Nilipoanza kusimulia alivuta kigoda akakaa."

Inawezekana ni kweli. Inawezekana pia alinionea huruma. Yule ni mtu wa watu, na watu wa watu siwaamini sana. Nilimwambia mama alikaa.