Debe la Taka za Kuazima

Debe moja la taka lilinigharimu jogoo mzima, na wala sikulinunua. Nililiazima.

Nilikuwa nakaa Mkuyuni, kando ya ziwa, miaka ile reli imeshazoeleka mjini, na kazi yangu ilikuwa kuchemsha viazi na ndizi na kuwauzia makuli wa stesheni. Kazi hiyo huzaa maganda. Serikali ya mji iliamuru kila nyumba iweke mlangoni debe lenye kifuniko, gari la ng'ombe lipite asubuhi kulimwaga. Zamani tulitupa kwenye nyufa za mawe nyuma ya nyumba, lakini bwana afya alikuwa akichokoa nyufa hizo kwa fimbo kutafuta panya, na akikuta ganda anauliza ni la nani.

Siku moja akaja mke wa mwenye duka, Mhindi, na kapu tupu.

"Mama, maganda yako nipe mimi."

"Ya nini?"

"Bure tu. Nipe."

Hilo neno bure ndilo lililonitia wasiwasi. Angesema anataka kuniibia ningemwelewa. Nywele na kucha zangu nilikuwa nazichoma mwenyewe, zisiangukie mkono nisioujua. Sasa nikawa nageuza maganda moja moja kabla ya kumpa, unywele wangu usije ukaenda nayo, kisha nayageuza tena. Mwishowe nikamfuata. Nyuma ya ghala la mumewe, ndani ya ua wa mabati, alisimama ng'ombe ameshiba, anatafuna maganda yangu.

"Una kibali cha kufuga mjini?"

Akaweka kidole mdomoni.

Nilikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yangu yalikuwa yamekauka mapema. "Kapu moja kwa kikombe kimoja," nikamwambia. "Kikombe kikubwa, siyo kile cha chai. Na maji usitie."

"Na wewe mawe usitie kwenye kapu."

Tukaelewana. Mtoto akanenepa, akaanza kucheka na watu. Maganda yakaenda kwa ng'ombe, majivu chooni, mifupa ya samaki kwa paka. Debe langu likabaki safi kama la kuchotea maji, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

Bwana afya alifunua kifuniko, akafunika, akafunua tena.

"Mama, taka ziko wapi?"

"Hazipo, bwana."

"Unalisha stesheni nzima na huna taka?"

"Sipendi kupoteza vitu."

"Unatupa ziwani wewe. Kesho alfajiri nakuja. Nikikuta debe tupu, utanionyesha maganda yanakokwenda, au biashara naifunga."

Ningemwonyesha, ng'ombe angefukuzwa mjini na mwanangu angerudi kwenye uji mwepesi. Maganda ya siku ile yalikuwa yameshaliwa, na alfajiri ingefika kabla sijamenya kiazi. Nikaenda kwa jirani wa upande wa pili, mjane wa Kisukuma.

"Niazime taka."

"Nikuazime nini?"

"Taka. Debe moja. Kesho jioni nakurudishia."

Alicheka mpaka akashika mlango. "Wewe unayepunja makuli wa watu, leo umefilisika hadi taka?"

Akanijazia majivu, magamba ya samaki na kipande cha jamvi bovu. Mimi, kwa mazoea ya sokoni, nikalitikisa debe. Likashuka.

"Limepungua hilo. Ongeza."

"Hata taka unataka nyongeza?"

"Debe ni debe."

Akaingia ndani, akatoka na karai, akamwaga juu na kufunika mwenyewe. Kwa furaha ya kupata nyongeza, sikufunua kuangalia.

Alfajiri bwana afya alifunua. Harufu ikamtangulia kusema: machicha ya pombe ya mtama.

"Kumbe unapika pombe, mama."

Ningesema si yangu, angeuliza ni ya nani. Mjane angeulizwa kwa nini niliazima, na njia ingefika moja kwa moja kwenye ua wa mabati. Nikalifunika debe tu.

Akacheka kwa mara ya kwanza. "Ndiyo maana ulikuwa unaficha taka." Kisha akamtazama jogoo wangu. "Huyu anawika sana. Anasumbua majirani."

"Huyu? Mpole kabisa."

"Kwangu atakuwa mpole zaidi."

Akamkwapua. Tangu siku hiyo hakufungua tena debe langu. Pombe ya magendo aliielewa. Usafi ndio ulimtia shaka.

Maziwa yakaendelea, lakini jioni ile mjane akaja na karai lake.

"Machicha yangu. Ndiyo chakula cha kuku wangu."

"Machicha yako yamenipotezea jogoo."

"Kamdai aliyembeba. Nani alitaka nyongeza?"

Nikaenda kwa yule mke wa mwenye duka, nikamwomba achangie nusu ya jogoo, maana ng'ombe aliyeokolewa ni wake.

"Mama, sisi hatuli kuku," akasema kwa upole. "Tutalipaje kuku?"

Mwanangu sasa ni mtu mzima mwenye mifupa migumu ya kuogopesha. Mjane naye bado tunakutana sokoni, na kabla ya habari za nyumbani huniuliza machicha. Mimi humuuliza jogoo. Ninyi mnaosoma, nishaurini: nimlipe machicha yake, au nisubiri kwanza yeye na yule mwenye ng'ombe wakae chini wanirudishie jogoo wangu?