Samaki Wanakula, Hawakui

Mama Mabwawa alikuwa na uhakika kwamba shemeji yake anamwibia. Perege aliowafuga mabwawani walikula kutwa na bado walikuwa vichwa vitupu, miili hakuna. Chakula kinakwenda wapi? Na anayewalisha ni mmoja tu, shemeji, mdogo wa marehemu mumewe.

Basi akaanza kumchunga. Magunia ya chakula akayafunga kwa fundo lake mwenyewe. Asubuhi akajibanza nyuma ya pipa, magoti yakimuuma, akamwona shemeji anamwaga chakula chote bwawani na kukung'uta ndoo. Ameshanishtukia huyu, akajisemea.

"Shati jipya hilo, shemeji?" akamtupia mezani.

"La marehemu hili, shem. Si ulinipa mwenyewe?"

Hata hilo halikumtuliza. Jioni hiyo uvumilivu ukamwishia, akamwambia kesho atafute pa kukaa. Shemeji hakubisha, na huko kutobisha mama akakuona ndiko kukiri kwenyewe.

Kesho yake bwana samaki, mtaalamu wa ufugaji, akaja kukagua mabwawa. Akampasua perege mmoja. Utumbo ulikuwa umejaa pomoni.

"Huyu ameshiba," akasema. "Soya ya chakula chao mnaikaanga kabla ya kusaga?"

"Tuliacha. Inamaliza mkaa bure."

"Ndiyo maana. Protini ni lazima ikatwekatwe tumboni, iwe vipande vidogo viitwavyo amino asidi, ndipo utumbo uifyonze iingie kwenye damu. Soya mbichi ina kitu kinachozuia hiyo kazi ya kukata. Samaki anakula, na protini nyingi inatoka na kinyesi."

Mama Mabwawa akahisi uso unamwaka. Aliyekataza kukaanga ni yeye. Tena shemeji aliwahi kumuuliza, "Shem, soya hii tunaisaga mbichi?" naye akamjibu, "Kumbe na mkaa wangu unaupigia hesabu?"

Akamwacha bwana samaki na kisu mkononi, akakimbilia chumba cha uani. Shemeji alikuwa amekwisha kutandika kitanda, anafunga zipu ya begi.

"Shemeji, kumbe samaki walikuwa wanakula kweli!"

"Najua, shem. Mimi ndiye niliyekuwa nawalisha."

Mama akataka kusema nisamehe, usiende. Shemeji akawahi kuinama, akaifungua tena zipu, akalisogeza begi mpaka miguuni pa mama.

"Kagua kwanza," akasema taratibu, "ndipo niondoke."