Dakika za Jirani

Bosi wangu aliniambia nibonyeze saa, nami nikabonyeza. Ningeweza kukataa. Nilikuwa mtu mzima wa miaka hamsini, si mtoto wa kusukumwa.

Ilikuwa Ijumaa, miaka ya tisini ikielekea mwisho, kwenye mashindano ya chesi katika ukumbi mmoja mjini Machakos. Raundi ya mwisho ilinikutanisha na jirani yangu, muuza vitambaa ambaye wazee wake walitoka pwani. Yeye ndiye aliyenifundisha chesi, jioni baada ya jioni, juu ya kaunta ya duka lake. Mshindi angekwenda Nairobi kuiwakilisha wilaya.

Alifungua kwa gambiti: akanitolea kitunda, kete ndogo ya mstari wa mbele, bure ili apate njia ya kunishambulia. Nikakila. Kufikia karibu saa saba mchana, malkia na farasi wake walikuwa wamembana mfalme wangu. Adhana ikasikika. Akacheza, akabonyeza saa, zikawa ni dakika zangu zinazohesabika.

“Jirani, naenda kuswali,” akaninong'oneza. “Wewe una dakika nyingi, zangu zimebaki chache. Fikiri mpaka nirudi. Kitunda changu umekila bure kama pilau ya arusi, kaa kwanza uteremshe.”

Nikacheka. “Nenda, nitakungoja.”

Bosi, ambaye ndiye alikuwa nahodha wa timu ya ofisi yetu, alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliona ninavyoelekea kushindwa.

“Unangoja nini, wewe? Cheza, saa yake ikimbie. Kwani ni shemeji yako?”

Nikasogeza ngome, nikabonyeza. Sheria iliniruhusu. Nikakaa naitazama saa ikimaliza dakika zake mbele ya kiti kitupu.

Aliporudi, muda wake ulikuwa umekwisha, na kwa sheria ameshindwa.

“Umecheza?”

“Nimecheza.”

Hakubishana. Alinipa mkono, akasema, “Hongera, mzee.” Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

Jumatatu nilipita dukani. Alinisalimu vizuri, akaniuliza nataka kitambaa gani. Ubao wa chesi haukuwepo kwenye kaunta. Nairobi nilikwenda, nikashindwa michezo yote. Miaka mitatu ikapita kabla sijapata ujasiri wa kumwomba msamaha. Akanijibu kwamba yamepita, huku mkasi wake haujasimama. Baadaye alihama bila kuniaga. Alikuwa rafiki wa pekee niliyekuwa naye mji huu. Nilimpoteza kwa kosa langu mwenyewe, na sijapata mwingine.