Mngurumo wa Wimbo wa Saba

Fundi Spika hajawahi kusikiliza wimbo mpaka mwisho. Si dharau, ni kazi. Spika ikishatengenezwa, unaipa muziki sekunde arobaini. Ikiwa besi inachezesha misumari ndani ya kopo lake na koni, ile karatasi ya spika, haikohoi, unazima, unamwita mwenye mali. Kwa miaka thelathini na mbili amezihukumu nyimbo zote za dunia hii kwa sekunde arobaini, na hakuna hata mmoja uliokata rufaa.

Karakana yake ni nusu chumba. Nusu ya pili ni ya mkewe, mshonaji, na katikati kuna pazia ambalo halijawahi kuzuia neno hata moja.

Kazi anayojivunia ni moja tu: amplifaya ya Mbavu, mpiga gitaa la roki, mwembamba hadi shati lake linaonekana limenona likiwa msumarini. Ujanani, fundi aliunga waya mmoja mahali pasipo pake, amplifaya ikaanza kunguruma kama mbwa aliyekanyagwa mkia usingizini. Alipotaka kurekebisha, Mbavu akamshika mkono.

"Acha hivyo hivyo, ndugu yangu. Ukiutoa huo, mimi na wewe basi."

Mngurumo ukamjengea Mbavu jina. Watu wa redio wakasema ndiyo roho ya gitaa lake. Fundi alijua ni kosa, lakini kosa lako likishaitwa roho, unanyamaza. Tangu siku ile hakuruhusu mkono mwingine uifungue amplifaya. Kila skrubu aliidondoshea rangi nyekundu ya kucha, aliyoiazima kwa mkewe bila kumwambia. Mtu akifungua, rangi inapasuka.

Mbavu alikuwa na hasimu wake, Zege, mwimbaji mwenye koo lililojaa kokoto. Zege aliwahi kusema redioni kwamba Mbavu hapigi gitaa, anakuna upele. Mbavu alicheka, na wiki haikuisha akawa amesahau. Fundi hakusahau. Alimchukia Zege kwa niaba ya mwenzie, kwa uaminifu, bila likizo. Ukimletea redio yenye sauti ya Zege, alikurudishia: "Mtoe kwanza mgonjwa aliyemo ndani."

Sasa wote wana magoti yanayolia kushinda gitaa, na wale wawili wametoa albamu ya pamoja. Jaladani wamekumbatiana kama wajane wa marehemu mmoja. Wenye kesi wamepatana, na shahidi hajaambiwa.

Habari ililetwa na dereva wa lori aliyefuata spika yake. "Ijaribu na hii, fundi," alisema akimpa flashi. "Wazee wameua!"

Fundi akacheza wimbo wa kwanza, sekunde arobaini. Wa pili. Wa tatu. Gitaa safi kama sahani ya hotelini. Mngurumo hakuna. Akazima.

"Mbona kimya huko?" mkewe akauliza nyuma ya pazia. "Umepigwa shoti?"

"Kuna fundi mwingine."

"Wapi?"

"Kwa Mbavu. Kafungua amplifaya."

Cherehani ikasimama. "Nilikaa kwa dada yangu wiki mbili hukupiga hata simu. Leo unaonea wivu sanduku?"

"Wewe ulisema unarudi."

Wiki nzima aliisema vibaya albamu kwa kila mteja. Zege anasukutua. Gitaa limeogeshwa. Kisha alishikwa akiimba chini chini kiitikio cha wimbo wa kwanza, mkewe akakipokea kwa sauti ya pili, naye akadai anasafisha koo.

Jumamosi alivaa shati la harusi za watu, akabeba boksi la vifaa eti kwa bahati mbaya, akaenda kwa Mbavu. Hakumaliza hata salamu. Alipiga magoti nyuma ya amplifaya kama anayetafuta hereni. Skrubu nne. Rangi nne. Nzima zote.

"Umepoteza nini huko, ndugu yangu?" akauliza Mbavu.

"Haijafunguliwa."

"Nani aifungue, na fundi wake ni wewe?"

"Sasa mngurumo umekwenda wapi?"

Mbavu akamtazama. "Nyimbo sita nimetumia amplifaya ya Zege. Hii tuliiwekea wa saba. Zege ndiye aliyesema, kitu kama hiki hakipigwi kila wimbo kama kengele ya baiskeli. Hukusikia wa saba?"

Fundi akakuna boksi la vifaa.

"Uliishia wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Zote tatu mpaka mwisho?"

"Sekunde arobaini arobaini."

Mbavu alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ungeniita," fundi akasema. "Hata kuja kushika waya tu."

Kicheko kikakatika. "Ungekuja, ukimkuta Zege?"

"Nisingekuja."

"Haya, niambie mwenyewe, ningekuitaje?"

Wakaucheza wa saba. Dakika nzima Zege aliimba peke yake, kavu, bila chombo. Kwa sekunde arobaini zake fundi asingefika popote. Ndipo mngurumo ukaingia kwa chini, na lile koo la kokoto likakaa juu yake kama kifuniko kwenye sufuria yake. Fundi alitaka kufurahi. Ila miaka yote ile, kwa waimbaji wote wa Mbavu, waya wake haukuwahi kulia vizuri hivyo. Kumbe ulikuwa unamngoja yule yule mshenzi.

"Unasemaje?" Mbavu akauliza.

"Zege anakohoa dakika ya tatu."

"Kumbe umefika dakika ya tatu!"

Siku hizi spika zote anazijaribu kwa wimbo wa saba. Jumatatu dereva wa lori, aliyefuata spika yake ya pili, alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi.

"Wewe baba," mkewe akaita, "sekunde arobaini zimepita zamani. Mwenye spika anasubiri."

"Asubiri," akajibu fundi, mkono juu ya koni. "Huyu ni Zege tu. Mimi sijaingia bado."